Doa kwenye Bega la Kushoto

Kadi ya kuniaga mliyonipa ina doa. Liko kona ya juu, upande wa kulia, dogo kama punje ya ulezi, na nisingelisema kama lisingekuwepo pia kwenye cheti cha shukrani, kona ileile, ukubwa uleule. Doa linalojirudia si la karatasi, ni la kioo cha skana. Nimewafundisha hilo miaka yote hii mkaitikia kwa vichwa, na siku ya kuniaga mmenithibitishia kwamba mlikuwa mnaitikia tu. Nashukuru kwa kadi. Nashukuru pia kwa sufuria kubwa, ingawa sijui nani aliwaambia kwamba mtu akistaafu huanza kupikia watu hamsini.

Neema na Jofrey, nyie ndio mliobaki na meza yangu, na mmesema niandike ninachokijua kabla sijakisahau. Habari za vyeo naziruka, maana dukani petu cheo kilikuwa kimoja, cha Bosi, na anacho mpaka leo. Nitaandika kazi yenyewe: kupokea kava la zamani lililochapwa, la kaseti, la kitabu au la kalenda, kuliskani, kulisafisha kwenye kompyuta, kisha kulirudisha kwa wenyewe likiwa na sura ya kukubalika. Mpanda nzima waliniita Mama Skana. Wanangu walilionea aibu jina hilo mpaka lilipoanza kuwapatia lifti za pikipiki.

Nilifika dukani nikitokea Usevya, kwetu Mpimbwe, nikiwa na cheti cha kupiga taipu. Mashine ya taipu ilikuwa imefungiwa stoo wiki moja kabla. Bosi alikitazama cheti, akanitazama mimi, akanielekeza kwenye kitu bapa cheupe chenye mfuniko, akasema nitajifunza. Kazi ya kwanza ilikuwa kava la kitabu cha nyimbo. Nilililaza juu ya kioo likiwa linanitazama, kama unavyomlaza mtoto mchanga, nikafunika taratibu. Ilitoka picha safi kabisa ya mgongo wa kava. Nikarudia mara tatu nikidhani mashine ina ukaidi.

Jioni, ili nijirudishie heshima, nilikisugua kioo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kwa kuwa nyumbani mafuta ya taa yalisafisha kila kitu, hata kikohozi. Wiki nzima kila mtu alitoka kwenye picha amefunikwa na ukungu. Katekista mmoja alifurahi sana, akasema picha yake inaonekana kama imepigwa mbinguni, akaagiza nyingine kumi. Huyo ndiye mteja wangu wa kwanza kuridhika.

Aliyenitoa kwenye ukungu huo ni Mzee Gervas. Alikuwa fundi picha tangu enzi za chumba cha giza, mtu wa kurekebisha nyuso kwa brashi yenye nywele tatu na tone la wino. Kompyuta ilipoingia dukani aliishi nayo kama mtu anavyoishi na mkwe, kwa adabu na bila kuizoea sana. Lakini kila alichokijua kwa brashi alikihamishia humo, na mengi mliyoyaona kwangu mkadhani ni akili yangu yalikuwa ya kwake.

Alinionyesha kwamba kava lililochapwa si picha. Ukilitazama kwa kioo cha kukuzia utaona nukta tu, nyekundu, za njano, za buluu na nyeusi. Skana nayo inasoma kwa mistari yake, na mistari ikikutana na nukta uso wa mtu unatoka na mawimbi. Dukani tulisema picha imevaa kitenge. Dawa mnaijua, au mlipaswa kuijua: skani kwa ukubwa mara mbili au tatu ya unaoutaka, pindisha kava kidogo lisilale sambamba na kingo za kioo, lainisha nukta, ndipo upunguze. Nyuma ya kava weka karatasi nyeusi, la sivyo maandishi ya upande wa pili yatapenya na mwimbaji atatokea na orodha ya nyimbo kwenye paji la uso. Karatasi yangu nyeusi iko droo ya pili. Msiifungie maandazi.

Kisha kuna kile kidude tunachokiita muhuri, kinachonakili rangi ya jirani na kuibandika juu ya doa. Kila nilipokishika, Mzee Gervas aliuliza swali lilelile: "Hilo doa lina mwenyewe?" Nilidhani ni uzee. Alimaanisha kwamba madoa mengine ni kovu la mtu, ni alama ya ndui, ni saini ya mchoraji aliyekosa nafasi. Alitaka pia skani ya kwanza, ile chafu, itunzwe siku zote. Alizipanga kwenye folda kwa majina ya vijiji, Mwese, Litapunga, Misunkumilo, akaziita faili chafu. Mimi niliona mzee anafuga uchafu. Alipostaafu na kurudi kwao Mwese nilizifuta zote asubuhi moja ili nipate nafasi ya video za harusi, nikajisikia vizuri kama mtu aliyemaliza kufagia uwanja.

Wateja wetu wakubwa walikuwa kamati za kwaya. Sijawahi kuona kwaya ya Katavi iliyokubali kusimama mbele ya kitu cha Katavi. Milima tunayo, wanyama tunao, watalii wanavuka bahari kuja kuwatazama. Kwaya zetu zilitaka maporomoko ya maji ya ughaibuni, ghorofa la vioo, na ndege inayopaa. Moja ilipigwa picha kando ya mto, na viboko wanne nyuma yao wametoa vichwa majini vizuri sana. Kamati ikaniomba niwaondoe viboko niweke bata maji weupe, kwa sababu viboko hawana upako. Nikaweka bata. Waimbaji wa safu ya nyuma walikuwa wanatazama majini kwa hofu, na mpaka leo kava hilo linaonyesha watu wazima kumi na wawili wanaogopa bata.

Halafu kulikuwa na kutengwa. Mwimbaji akigombana na mwenyekiti ilikuja barua yenye mhuri wa kwaya: fulani amejitenga na roho ya umoja, aondolewe kwenye kava. Niliondoa. Wakipatana ilikuja barua nyingine, nikarudisha. Kwaya moja ya Litapunga, ambayo nitaieleza hapa chini, ilikuwa na mwimbaji wa besi aitwaye Simoni, mtu mwenye sauti nzito na maoni. Nilimtoa mara tatu na nikamrudisha mara nne. Ile ya nne sijui ilitoka wapi, lakini kuna kalenda moja ambayo Simoni yumo mara mbili, na hakuna aliyewahi kulalamika, hata yeye.

Kazi zote hizo nilizifanya bila kukosa usingizi. Nilikuwa hodari, nasema wazi, na hodari akishasifiwa sana huacha kuuliza maswali. Ndivyo nilivyofika kwenye kava la Litapunga.

Kwaya hiyo ni ya familia ambazo wazee wao wengi walitoka Burundi, wakafyeka, wakalima, wakazaa na kuzikana hapa. Ilikuwa inajiandaa kwa jubilei yake. Mwenyekiti alikuja dukani na kava la kaseti yao ya kwanza: watu ishirini na mmoja, blauzi na mashati meupe, ukuta wa matofali nyuma yao. Kwaya yenyewe haikuwa imebaki na nakala hata moja. Hii waliiazima kwa Mama Odeta, mmoja wa waliokuwa wakiimba sauti ya kwanza tangu mwanzo. Mwenyekiti alinieleza pia azimio walilolipitisha kamatini: waasisi wa kwaya ni wale wanaoonekana kwenye kava. Hao ndio watakaokaa mbele Jumapili ya jubilei, kila mmoja na kiti chenye kitambaa cheupe. Nikamuuliza, na aliyekuwa anaumwa malaria siku ya picha je? Akasema azimio limeshapita.

Kava lilikuwa limechakaa. Lilikunjwa mara nne, lilipigwa na moshi wa jikoni, na mende walikuwa wameonja kona moja. Nililifanyia kazi siku tatu. Nilinyoosha mikunjo, nikarudisha weupe wa mashati, nikamwotesha mzee mmoja sikio. Siku ya tatu nilikuta doa la kahawia, ukubwa wa haragwe, juu ya bega la kushoto la mwanamke wa tatu safu ya mbele. Nilichota weupe wa blauzi ya jirani yake, nikagonga muhuri mara nne, likaisha. Sikuuliza swali la Mzee Gervas. Nikahifadhi faili safi, nikafuta chafu, nikaenda kula.

Mwenyekiti aliposhika kazi yake alisema kwaya imezaliwa upya. Walichapisha bango kubwa wakalitundika ukutani kanisani. Kava la zamani aliona halina kazi tena, akalitumia kuwashia jiko la chai ya kamati. Hilo alinisimulia mwenyewe baadaye, bila wasiwasi wowote, akaongeza kwamba kuni zilikuwa mbichi.

Siku chache baada ya bango kutundikwa alikuja mwalimu Odeta. Huyu ni binti wa yule Mama Odeta mwenye kava, anafundisha shule ya msingi, na ndiye katibu wa kwaya. Aliniamkia, akaketi, akaweka mkoba magotini, akaniomba nimfungulie picha ya Litapunga. Niliifungua kwa majivuno. Akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, jambo nisilolipenda, juu ya bega la kushoto la mwanamke wa tatu.

"Mimi nilikuwa hapa," alisema. "Nilikuwa mgongoni kwa mama. Kichwa changu kilikuwa kinatokea hapa."

Alinieleza polepole, kama anavyoeleza darasani. Tangu akiwa mdogo mama yake alikuwa akimwonyesha kile kichwa kwenye kava. Wenzake walijua, wanafunzi wake walijua, na kamati ilikuwa imemwandika mwasisi wa ishirini na mbili, mdogo kuliko wote, na kiti chake. Sasa bango limetundikwa na bega ni tupu. Mwenyekiti amesoma azimio upya mbele ya watu, akasema picha haidanganyi, na kiti kimeondolewa. Jubilei ilikuwa Jumapili ya tatu kutoka siku ile.

Nikamwambia nitaongea na mwenyekiti kuhusu kiti. Akatikisa kichwa. "Kiti si shida, mama. Viti hata nyumbani vipo. Shida ni mama yangu. Tangu bango litundikwe hali chakula. Anakaa tu. Nataka kichwa kirudi akione, basi."

Nilimwambia ukweli, kwamba ni mimi, kwamba nilidhani ni uchafu. Akauliza kuhusu ile skani ya kwanza. Nikamwambia nimeifuta.

"Kwa hiyo mama umenifuta mara mbili," alisema, wala hakusema kwa hasira. Ningefurahi kama angekasirika.

Kesho yake nilipanda pikipiki kwenda Mwese. Mnaijua barabara ile, kwa hiyo sitaeleza. Niseme tu kwamba kuna mlima mmoja nilishuka tukaisukuma pikipiki mimi na dereva, na dereva ndiye aliyechoka. Nilijua kwamba Mzee Gervas alikuwa na tabia ya kubaki na nakala moja ya kila kava lililopita mikononi mwake. Nilijua pia kwamba kabla ya kumwomba chochote ningelazimika kumwambia kuhusu zile faili zake.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anachambua maharage kwa vidole, maana macho yalikuwa yameingia ukungu, kama wateja wangu wa wiki ile ya kwanza. Nilimwamkia, nikamwambia yote, la Litapunga na la faili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Lilikuwa na mwenyewe?" aliuliza.

"Lilikuwa naye, mzee."

Hakunikemea. Alisema faili alijua tu kwamba nitazifuta, alinisoma siku niliyosugua kioo kwa mafuta ya taa, ndiyo maana aliondoka na sanduku lake. Akamtuma mjukuu wake alilete. Lilikuwa sanduku la bati, na ndani makava yamesimama wima kwa vijiji, vilevile kama zile folda. Kava la Litapunga lilikuwa bado ndani ya kasha la kaseti, halijawahi kutolewa, jeupe kama jana. Nilitaka kulia. Nilirudi Mpanda nimelifunga kifuani kwa kanga, na safari hii mlima sikuuhisi.

Dukani nilifanya kila kitu kwa utaratibu, kama mwanafunzi wa mtihani. Nilifuta kioo kwa pamba kavu, nikaweka karatasi nyeusi, nikapindisha kava, nikaskani kwa ukubwa mara tatu. Nikakuza bega la kushoto la mwanamke wa tatu.

Palikuwa na blauzi nyeupe, mshono wa bega, na nyuma yake tofali. Hapakuwa na kichwa cha mtu. Nikafuta kioo tena, nikaskani tena, nikachukua kioo cha kukuzia nikalitazama kava lenyewe dirishani. Tofali. Bega na tofali, na lile doa halikuwa limechapwa kwenye nakala hii kwa sababu halikuwahi kuwa sehemu ya picha. Lilikuwa doa la ile nakala moja, kweli uchafu, na mimi nilikuwa nimelisafisha sawasawa.

Nitawaambia nilichohisi kwanza, ingawa si cha kujisifia. Nilifurahi. Nilizunguka na kiti changu mzunguko mzima. Miaka yote hii sijakosea, na sasa kuna ushahidi uliochapwa. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipokumbuka kwamba kuna mtu anasubiri kichwa chake, na mimi ninachoweza kumpelekea ni tofali.

Sikumwita Odeta. Nilikuwa bado natafuta maneno, siku mbili baadaye, alipoingia mwanamke mwembamba wa umri wangu na kitambaa kichwani, akasimama mlangoni mpaka wateja wakaisha. Nilimtambua kwa bega, kusema kweli. Nilikuwa nimeliangalia kuliko mtu yeyote aliye hai.

"Nasikia umepata lingine Mwese," alisema Mama Odeta.

"Nimepata."

"Na mimi nimo?"

"Umo."

Akavuta kiti, akakaa. "Basi umeshaona kwamba mtoto hayumo."

Nikamfungulia picha, akaitazama muda mrefu. Alinieleza kwamba siku ile kamati ilikataza watoto mgongoni. Mwenyekiti wa wakati ule alisema kwaya si kliniki, kava litafika mpaka Dar es Salaam, watu wataonaje. Kina mama wanne waliacha watoto kwa majirani. Odeta alikuwa na miezi mitano.

"Hapo watu wanasema naimba kwa hisia," alisema, akionyesha uso wake. "Maziwa yalikuwa yananiuma. Nilikuwa namsikia analia kwa jirani, nyie mnasema 'Tabasamu'."

Nikamwambia mimi sikuwepo. Akasema anajua, lakini mtu wa picha ni mtu wa picha. Kisha akaendelea. Odeta alipoanza shule alilikuta kava, akahesabu watu wote, akauliza yeye yuko wapi. Kabla ya hapo chai ilikuwa imedondokea kava, begani hapo hapo. "Nikamwambia ndiye wewe huyo, niko nimekubeba. Alifurahi mpaka akalala nalo. Mimi nikasema atasahau. Sasa mama, doa likakua, likasoma, likawa mwalimu. Ningemwambia lini?"

Hicho ndicho kilichokuwa kinamzuia kula. Hakuwa analilia kichwa kilichofutwa. Alikuwa anangoja siku binti yake atakapojua kwamba aliachwa kwa jirani, na kwamba alichoonyeshwa miaka yote kilikuwa chai.

"Unaweza kulirudisha?" aliuliza.

Mtanicheka, lakini hapo nilijifanya mtu wa maadili. Nilimwambia picha ni kumbukumbu, haifai kuongezwa kitu. Nikalisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu, mimi niliyepeleka bata maji kwenye mto wa viboko, mimi niliyemtoa Simoni mara tatu na alikuwepo kweli. Nilikuwa nimetumia nusu ya maisha yangu kuwaondoa watu waliokuwepo kwa sababu kamati imeandika barua. Huyu alikuwa anaomba arudishwe mtoto ambaye kamati ilimkataza kuwepo, na hakuwa na mhuri. Nikashika kipanya cha kompyuta.

Doa nililolitengeneza mara ya kwanza lilikuwa zuri. Lilikuwa na paji la uso, kivuli cha sikio, na nilikuwa nimeanza kumvika kofia ya sufu. Mama Odeta akatazama akasema hapana, huyo ni mtoto, lile lilikuwa doa. La pili lilikuwa duara mno. La tatu akasema linafanana na kiatu. Ndipo nilipochapisha nakala ya kava la Mwese kwa ukubwa wa kaseti, nikaagiza chai kwa mama lishe wa jirani, chai ya rangi, nikampa kijiko.

Hakusita. Aliinamisha kijiko juu ya bega lake mwenyewe, tone moja, akaligeuza kava upande kidogo likatiririka kuelekea shingoni, akalipuliza. Tukaliweka dirishani likauke. Tulikunywa ile iliyobaki. Nililiskani na karatasi nyeusi nyuma yake, na sikugusa chochote, hata chembe ya vumbi iliyoingia kwa bahati mbaya kwenye sikio la Simoni.

Bango jipya lilitundikwa Alhamisi. Mwenyekiti alinipigia simu kuniambia kwamba kumbe kosa lilikuwa la duka. Nikakubali kwamba lilikuwa la duka. Akasema yeye tangu mwanzo alikuwa anamkumbuka yule mtoto vizuri kabisa, alikuwa analia kila sauti ya pili ikiingia. Jumapili nilipofika Litapunga nilikuta kumbukumbu zimeongezeka. Mweka hazina alikumbuka kofia yake. Simoni aliwaambia watu kwamba kabla ya picha alimshika yeye mwenyewe, na mtoto akamkojolea shati, ukitazama vizuri utaliona limelowa. Nikatazama, na kweli palikuwa na kivuli. Kiti cha ishirini na mbili kilikuwa mbele, na kitambaa chake cheupe.

Baada ya misa tulipanga mstari wa chakula. Mama Odeta alikuwa kwenye benchi na sahani ya pili ya wali na maharage, anakula bila kuinua kichwa. Odeta alikuja akasimama nyuma yangu na sahani yake tupu, akatazama bango.

"Mama Skana," alisema kwa sauti ndogo, "safari hii mliweka sukari?"

Nikamuuliza sukari gani. Nilijaribu kuwa na uso wa mtu asiyejua, lakini uso wangu haujawahi kunisaidia.

"Lile la kwanza lilikuwa na sukari. Nililamba nikiwa darasa la pili."

"Ulijua?"

"Kichwa chako ukikilamba kikawa kitamu, unajua." Alimtazama mama yake kwenye benchi. "Lakini alivyokuwa ananionyesha, mama, alikuwa anafurahi kuliko mimi. Usimwambie kwamba najua. Ona, anakula."

Sikumwambia, na simwambii. Odeta amenikubalia niandike hapa kwa ajili yenu wawili tu. Mama yake anakuja dukani kila akifika mjini, ananisalimia, anaagiza chai, na macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Kwa hiyo nyie fungeni midomo.

Kabati nimewaachia likiwa hivi. Droo ya pili ina karatasi nyeusi na pamba. Droo ya tatu ina kava la Mwese, lile safi, kwenye bahasha iliyofungwa gundi. Mtu yeyote kutoka Litapunga akiliulizia, mwambieni liliungua. Kwenye kompyuta kuna folda nilizoanza kuzipanga upya kwa majina ya vijiji, na ndani ya folda ya Litapunga kuna faili moja iitwayo Chafu. Siku moja kamati itakuja tena na barua yenye mhuri, watasema kuna doa begani kwa mwanamke wa tatu, mliondoe. Msiliondoe.